Ndege za Kitani: Kutoka Rufiji hadi Mbuyuni, Zikiundwa Upya Nyamache

Vita Vikuu vya Kwanza vilifika Gusii kwa miguu. Mapema Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani na askari wao kilitoka upande wa Mwanza, kikavuka mpaka, kikapanda vilima na kuingia mji wa Kisii. Tarehe 12 mwezi huo jeshi la Waingereza la King's African Rifles (KAR) liliwafuata, na risasi zikarindima siku nzima kwenye miinuko inayouzunguka mji. Kapteni Thorneycroft wa KAR aliuawa pale. Wajerumani nao walipata hasara kubwa, wakarudi walikotoka. Wenyeji walioona serikali mbili zikikimbiana waliingia madukani na kujichukulia vitu. Miaka sita tu kabla ya hapo, mwaka wa 1908, Mgusii Otenyo alikuwa amemchoma mkuki Northcote, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, na adhabu ya jambo hilo ilikuwa haijasahaulika. Adhabu ya 1914 ikaja juu yake, na baada ya adhabu likaja zoezi la kuandikisha vijana kuwa wapagazi.

Katika vita hivyo vya Kisii hakuna aliyekuwa na sababu ya kutazama juu. Ndege za kivita zilikuwa hazijafika. Upande wa Wajerumani palikuwa na rubani mmoja, Bruno Büchner, aliyekuwa ameleta ndege yake Dar es Salaam kwa ajili ya maonyesho makubwa ya koloni yaliyopangwa kufanyika Agosti 1914. Vita vikazuka, maonyesho yakafa, na ndege ikaingizwa jeshini. Haikudumu. Upande wa Waingereza, angani hapakuwa na kitu.

Ninaandika haya Nyamache, huku huku Gusii, ambako mashamba ya majani chai yanateremka hadi mabondeni na ukungu wa asubuhi unaingia hadi ndani ya nyumba. Kazi ya mikono haihitaji kuelezwa kwa Omogusii, yaani Mgusii: watu wa Tabaka wanachonga jiwe la sabuni vizazi kwa vizazi, na kila mtoto wa hapa aliwahi kukunja waya mpaka ukawa gari au ndege. Kazi ninayoipenda mimi ni ndugu ya hizo. Ni kuunda ndege za kijeshi za miaka ya kwanza kwa kipimo kidogo, nyaya zake zote zikiwa mahali pake, na hasa zile ndege chache zilizoruka kwetu Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918. Vitabu vingi vinavyozitaja vinaanza na marubani na nishani zao. Fundi wa ndege ndogo hana budi kuanzia kwingine: ilikuwa ya mbao gani, iliunganishwa kwa gundi gani, na kitani chake kilikazwa vipi. Ukiishika historia kwa upande huo, unaona kwamba mambo mengi yaliyoamuliwa pale Rufiji yaliamuliwa na joto na unyevu kabla ya mzinga kulia.

Kisa chenyewe kinaanza Unguja. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa bandarini na kuizamisha kwa mizinga. Baada ya hapo Königsberg ilitoweka. Ilikuwa imeingia kwenye delta ya mto Rufiji, katika mikono ya maji inayopinda ndani ya mikoko, na ikajificha huko. Mwisho wa Oktoba manowari ya Kiingereza Chatham ilitambua ilipo, lakini kujua na kufikia ni mambo mawili. Meli kubwa za Waingereza zilihitaji kina kirefu na zisingeweza kuingia. Njia za maji zililindwa na bunduki kutoka ufukweni. Königsberg ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5, na ilikuwa ikisogea juu zaidi ya mto kila ilipobanwa. Aliyetaka kuilenga alihitaji macho juu ya mikoko.

Macho ya kwanza yalikuwa ya raia. H. Dennis Cutler alikuwa Durban na ndege ya Curtiss ya aina ya mashua, yaani ndege ambayo tumbo lake ndilo mashua yenyewe, iliyotengenezwa kwa ajili ya burudani na maonyesho. Jeshi la majini la Waingereza likamwajiri, likaipakia ndege melini na kumpeleka Niororo, kisiwa kidogo karibu na Mafia. Novemba 1914 akaanza kuruka. Safari ya kwanza alipotelea mawinguni, akashuka baharini karibu na kisiwa kingine na kusubiri kuokotwa. Rejeta ya injini iliharibika, na katika pwani nzima hapakuwa na ya kubadilisha. Waliipata Mombasa, kwenye gari la Ford. Ikafungwa kwenye ndege, ikaruka tena, na Cutler akaiona Königsberg kwa macho yake.

Hapo ndipo moyo wangu unaposimama kila ninapotazama picha ya Curtiss. Waundaji wengi wa ndege ndogo wanataka kila sehemu ifanane na mchoro wa kiwandani. Ndege ya Niororo haikufanana na mchoro wowote. Ilikuwa na viraka, tumbo lake lilivuja hadi likabidi kubadilishwa, na injini yake ilipoozwa na kipande cha gari. Anayeiunda sawasawa ataiunda hivyo hivyo. Tarehe 10 Desemba injini ilizima juu ya delta. Cutler alishuka mtoni na kukamatwa, na mashua ya Waingereza ikaingia chini ya risasi na kuikokota ndege nje. Rubani alibaki mfungwa.

Februari 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith za kutua majini, za aina ambayo mabawa yake hukunjwa nyuma ili ikae melini, pamoja na rubani John Cull wa jeshi la majini. Kwenye karatasi zilikuwa bora kuliko Curtiss kwa kila kitu. Niororo zilikataa kupanda. Hewa yenye joto ni nyepesi: bawa halipati cha kushika, na injini inapumua kidogo kuliko inavyohitaji. Wakatoa mabomu, wakatoa mtazamaji, wakapunguza petroli, na bado zilikuwa zikikimbia juu ya maji bila kuinuka au zikiinuka kidogo tu. Kisha gundi ikaanza kuachia. Propela za wakati ule zilikuwa tabaka za mbao zilizobandikwa pamoja na kuchongwa, na gundi yake ilichemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo ni imara sana mahali pakavu na baridi. Ukiiweka kwenye joto la Rufiji na chumvi ya bahari, inarudia hali yake ya uji. Propela zikafunguka tabaka kwa tabaka, na maboya ya kuelea yakapata hali hiyo hiyo.

Kwenye meza yangu hapa Nyamache unyevu unafanya kazi kinyume. Supagluu tunayonunua dukani hukauka kwa sababu ya unyevu ulio hewani. Asubuhi ya ukungu inashika kabla hujahesabu hadi tatu, na ukizidisha tone inaacha utando mweupe kama vumbi la unga kandokando ya kiungo. Kwa hiyo kazi ya nyaya naifanya mchana, jua likiwa limekausha chumba kidogo. Unyevu uliowavunja moyo mafundi wa Niororo ndio unaonipangia saa zangu za kazi, na kwa kuujua huo nimewaelewa kuliko nilivyowaelewa kwa kusoma.

Sopwith zikaachwa. Mwishoni mwa Aprili zikafika ndege tatu za Short, nazo za majini na za kukunja mabawa, zilizokuwa zimetumika sana na kuchoka. Hizo zilipanda, ingawa si juu: mita mia mbili au tatu, pengine zaidi kidogo siku nzuri. Katika kimo hicho bunduki ya kawaida inakufikia. Cull alirudi na picha za Königsberg ikiwa imefunikwa matawi, na ndege ikiwa na matundu ya risasi. Waingereza walikuwa wamekiteka kisiwa cha Mafia mwezi Januari, na sasa uamuzi ukafikiwa kwamba bahari haifai tena. Ndege za magurudumu zingeletwa, na uwanja ungefyekwa Mafia.

Uwanja huo ulisafishwa kwa mikono ya watu wa Mafia. Minazi ilikatwa, visiki vikang'olewa, mashimo yakafukiwa. Juni 1915 zikashushwa ndege nne: Henri Farman mbili na Caudron G.III mbili. Kabla ya shambulio lolote, moja ya kila aina ilikuwa imeshavunjika. Farman ilikuwa na mifupa ya chuma mahali pa mbao, na huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wote uliofanywa katika kampeni ile ya anga. Chuma hakinywi maji.

Caudron ndiyo ndege inayonifundisha zaidi, na nitakaa nayo kidogo. Bawa lake la juu lina upana wa mita 13.4 na la chini ni fupi zaidi. Rubani na mtazamaji hukaa ndani ya kitu kama karai refu katikati, injini ikiwa mbele yao, na mkia umeshikwa nyuma na mihimili minne myembamba iliyofungwa kwa waya. Kwa kipimo cha 1:48 inakuwa na upana wa sentimita 28. Kipimo cha 1:72 kinapendwa zaidi duniani, na asili yake ni ya vitendo kabisa: kilienea Uingereza miaka ya 1930 kwa sababu inchi moja huwakilisha futi 6, yaani urefu wa mtu. Lakini kwa Caudron 1:72 ni ndogo mno kwa macho yangu. Waya wa milimita 5 ukigawanywa kwa 48 unapata unene wa unywele. Ukigawanywa kwa 72, unafanya kazi na kitu usichokiona.

Anayetazama ndege hizi mara ya kwanza huziona nyaya kama fujo. Zina utaratibu mkali. Ndege inapokuwa hewani, hewa inasukuma mabawa juu, kwa hiyo kuna nyaya zinazotoka chini ya mwili na kwenda nje na juu hadi kwenye vichwa vya nguzo za mabawa. Hizo ndizo zinazobeba uzito wa ndege nzima ikiruka, na mara nyingi huwekwa mbilimbili ili mmoja ukikatwa na risasi mwingine ushike. Ndege inapotua, mabawa yanataka kuanguka, basi kuna nyaya nyingine zinazotoka juu katikati na kushuka nje hadi kwenye miguu ya nguzo. Katikati ya nguzo ya mbele na ya nyuma kuna nyaya zinazokatana kama msalaba, kuzuia bawa lisijipinde. Na katika Caudron kuna nyaya za aina ya nne zinazofanya kinyume cha hizo zote: kazi yake ni kulipinda bawa kwa makusudi. Ndege hiyo inageuka kwa rubani kuvuta nyaya zinazopindisha ncha za mabawa, moja juu na nyingine chini. Muundaji akichanganya nyaya za kukaza na nyaya za kupinda ametengeneza ndege isiyoweza kuruka, hata kama inapendeza kabatini.

Kila waya ulikazwa kwa skrubu yenye meno ya pande mbili. Fundi alizungusha, akaupiga waya kwa kidole, akasikiliza, akazungusha tena, jinsi mpigaji wa obokano anavyokaza nyuzi zake nane kabla ya kuanza wimbo. Katika joto la pwani mbao zilivimba na kunywea, nyaya zikalegea mchana na kubana usiku, na kazi ya kuzilinganisha ilirudiwa kila ndege ilipotaka kutoka. Kutu nayo haikupumzika.

Mimi natumia mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba kabisa unaouzwa kwenye maduka ya miji ya ziwani. Kabla ya kubandika bawa la juu natoboa matundu yote kwa keekee ndogo ya mkono, ya juu na ya chini, nikihakikisha tundu limelala kwa mwelekeo ambao waya utakwenda. Tundu likiwa limesimama wima, waya utaonekana umevunjika shingo pale unapoingia. Nafunga ncha za juu kwanza, zote, na kuziacha zikining'inia. Kisha nasimamisha nguzo, nalaza bawa juu yake ndani ya kibao cha karatasi ngumu nilichokikata kwa pembe sahihi, na kungoja siku nzima kabla ya kugusa kitu. Nyaya za ndani hutangulia, za nje hufuata. Kila mshipi unapitishwa tundu la chini, unavutwa na kibano kizito kinachoning'inia, na unapewa tone la gundi kwa ncha ya sindano. Ukikauka, napitisha kijiti cha udi kinachowaka karibu nao bila kuugusa. Nailoni inanywea na kujinyoosha ikawa mstari. Ukisogeza udi milimita moja zaidi, unakatika.

Kilichobaki ni kitani. Vitambaa vya ndege hizo vilipakwa dawa iliyovikaza na kuvifanya visipitishe hewa, na kwenye Caudron mara nyingi havikupakwa rangi juu yake. Ukiishika kinyume na jua unaona mbavu za mbao ndani. Rangi yake ni ya ute wa yai iliyochanganyika na chai ya maziwa, na haifanani upande wa juu uliochomwa na jua na upande wa chini.

Sasa turudi Mafia. Waingereza walikuwa wameleta manowari mbili ndogo, Severn na Mersey, zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazili na zilizohitaji maji ya kina kifupi. Zilikokotwa kutoka Malta hadi Afrika Mashariki. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia mtoni alfajiri, na ndege ikapaa kutoka Mafia kuzielekeza kwa redio. Mtambo wa redio ulikuwa wa kutuma tu. Aliye juu hakuweza kusikia jibu. Siku ile makombora zaidi ya 600 yalifyatuliwa na machache sana yakapata. Mersey ilipigwa na kupoteza watu. Ndege moja haikuweza kukaa hewani siku nzima, na kila iliporudi Mafia kwa petroli, wapiga mizinga walibaki vipofu.

Zikarudi tarehe 11 Julai, safari hii kwa mpango mwingine: manowari moja ifyatue kwa wakati mmoja, ili aliye juu ajue kombora ni la nani. Cull alirusha Henri Farman na nyuma ya mtambo wa redio alikuwa Harwood Arnold. Arnold alituma herufi za kusahihisha, kombora baada ya kombora, mpaka Severn ikaanza kuipiga Königsberg sawasawa. Wajerumani wakaielekezea ndege mizinga yao, na ikapigwa. Injini ikafa. Cull akaigeuza kuelekea mtoni na kuanza kuserereka, na katika kuserereka huko Arnold aliendelea kutuma masahihisho, akisogeza makombora kutoka mbele ya meli hadi katikati. Farman ikaanguka majini karibu na Mersey na kupinduka. Cull alikuwa amefungwa na mkanda chini ya maji, akajinasua. Wote wawili wakaokolewa. Kabla ya siku kwisha Looff aliilipua meli yake mwenyewe. Cull na Arnold walitunukiwa nishani ya DSO.

Wajerumani waliitoa mizinga ya Königsberg majini, wakaifunga magurudumu na kuivuta bara, nayo ikaendelea kupigana nchi kavu kwa miaka. Mmoja wake uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus. Kila anayekwenda Mombasa na anapenda historia hii apite hapo auguse chuma hicho. Farman iliyoumaliza mchezo haikuachia kitu cha kugusa, na Caudron G.III halisi utaiona mbali na kwetu, katika jumba la makumbusho la RAF huko London. Hiyo ni sababu yangu kubwa ya kuziunda: kwa mtoto wa shule wa hapa, ndege ya sentimita 28 mezani ndiyo njia ya karibu ya kujua kwamba mambo hayo yalitokea na yalionekanaje.

Baada ya Rufiji vita vya angani vilihamia bara. Cull akazipeleka Caudron Maktau, kwenye reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Voi kuelekea Kilimanjaro. Tarehe 31 Januari 1916 Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza kilishuka Mombasa. Kilikuwa kimeundwa Netheravon, Uingereza, mwezi Oktoba uliotangulia, na wengi wa watu wake walitoka Afrika Kusini. Hata kaulimbiu yake ilikuwa ya Kiafrikana, ikimaanisha mlinzi angani. Kilikwenda Mbuyuni, kwenye reli hiyo hiyo, na kuanza kuruka kwa ajili ya jeshi la Jenerali Smuts, aliyewaongoza Waingereza. Kenneth van der Spuy, miongoni mwa marubani wa kwanza kabisa wa Afrika Kusini, alikuwepo. Leo Walmsley, aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya, alikuwa mtazamaji na baadaye aliandika kitabu kuhusu kuruka kwake Afrika Mashariki.

Ndege yao kuu ilikuwa BE2c, iliyotoka Royal Aircraft Factory ya Farnborough. Ina mabawa mawili yanayokaribia kulingana, upana wa mita 11 na kitu, na injini ya nguvu-farasi 90. Sifa yake kubwa ni utulivu: rubani angeweza kuachia usukani aandike, na ndege ikaendelea moja kwa moja. Ufaransa utulivu huo uliwaua watu wengi. BE2c haikuweza kugeuka haraka kuikwepa Fokker, ndege ya Kijerumani ya kuwinda, na mtazamaji alikaa kiti cha mbele, amezungukwa na nguzo na nyaya pande zote, asiweze kuelekeza bunduki bila kuhatarisha ndege yake mwenyewe. Unapoifunga nyaya hizo kwa mkono unaliona tatizo lake mara moja: ukimweka mtu mdogo wa plastiki kwenye kiti cha mbele, yuko ndani ya kizimba. Lakini huku kwetu Wajerumani hawakuwa na ndege ya kuwinda. Kasoro iliyokuwa kifo juu ya Ufaransa haikuwa na maana juu ya Mbuyuni, na utulivu uliolaaniwa kule ukawa hazina ya kupigia picha na kuchora ramani za nchi ambayo Waingereza hawakuwa na ramani zake.

Nyaya nyingi za BE2c si za mviringo. Kiwanda kilibuni waya bapa, mnene katikati na mwembamba kwenye kingo kama jani la mpunga, ili upasue hewa bila kuizuia. Muundaji anayejali huutengeneza kwa kuupitisha mshipi katikati ya vyuma viwili vya duara mpaka ukalala. Ni kazi ya kuchosha mno, na hakuna atakayeiona akiwa amesimama mbali. Ninaifanya.

Adui wa Mbuyuni alikuwa jua, msitu na umbali. Kutoka juu, pori lilificha jeshi zima. Mtazamaji angeona vumbi la barabara na moshi, na kilichobaki akibahatishe. Mahema ya ndege yaliyumbishwa na upepo, malaria ikawalaza marubani, na kila Smuts aliposonga mbele, kutoka Kahe hadi Morogoro na baadaye kusini zaidi, uwanja mpya ulihitajika. Kwingine kwenye vita hivyo, Wabelgiji walileta Short za majini hadi ziwa Tanganyika mwaka wa 1916, na Aimé Behaeghe akaishambulia Kigoma kwa mabomu mwezi Juni. Lengo mojawapo lilikuwa meli Graf von Götzen, ile ambayo Watanzania wanaijua kwa jina la Liemba.

Nani alifyeka viwanja? Nani alibeba madebe ya petroli pale reli ilipokoma na magari yakazama kwenye matope? Katika mamia ya maelfu ya wapagazi walioandikishwa na Waingereza walikuwemo vijana wa Gusii, kutoka wilaya ile ile iliyopigwa mwaka wa 1914. Kumbukumbu za serikali zenyewe zilihesabu vifo vyao zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, mpagazi amesimama katika sanamu ya shaba pamoja na askari. Kikosi cha 26 kiliondoka Afrika Mashariki mapema 1918. Wapagazi waliendelea hadi mwisho, kwani Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakuweka silaha chini hadi Novemba ya mwaka huo.

Visanduku vya ndege ndogo vinavyouzwa ng'ambo huja na rubani, na mara nyingine fundi mwenye kofia na spana. Mpagazi hamo. Kwa BE2c ya Mbuyuni niliyo nayo mezani sasa, ubao wa chini una nyasi za uzi wa mkonge, hema la ndege la karatasi ya nailoni, na safu ya wapagazi wenye madebe ya petroli kichwani. Nimewachonga kwa jiwe la sabuni la Tabaka, kwa kuwa linakubali kisu na halipasuki ukilichonga jembamba. Mtu wa mita 1.68 anakuwa sentimita 3.5. Debe la lita 18 linakuwa na ukubwa wa punje ndogo ya hindi, na hupakwa rangi ya bati, si nyekundu kama wengi wanavyofanya. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 25, kwa hiyo kila mmoja anabeba debe moja tu. Foleni ya kujaza tangi la BE2c moja inahitaji zaidi ya watu saba, na ubao nilioukata mwanzo ulikuwa umepimwa kwa ndege peke yake. Huu wa sasa ni mrefu mara mbili.